Faida Ipo, Hela Haipo: Kusoma Taarifa za Fedha kwa Hesabu za Stoo ya Dagaa

Mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, anafunga hesabu za miezi mitatu, Januari hadi Machi. Mhasibu anamwambia amepata faida ya shilingi 8,325,000. Anahesabu hela za kwenye droo, anaangalia salio la benki na la simu, anajumlisha vyote: 1,125,000. Siku aliyoanza Januari alikuwa na 12,000,000. Hapo wengi huanza kumshuku mhasibu, na asipokuwa mhasibu basi ni kijana wa stoo. Lakini namba zote tatu zinaweza kuwa sahihi bila mtu kugusa hata shilingi moja ya mwenzake.

Makala hii inazifuata namba hizo kutoka mwanzo hadi mwisho. Ni za mfano, na bei zake si za soko la leo. Zimepangwa zifungane, kwa hiyo chukua kikokotoo uzikague kadiri unavyosoma. Kodi ya mapato tumeiacha nje kwanza, tutairudia.

Tarehe 1 Januari

Taarifa ya kuanza nayo ni mizania, ambayo kwenye ripoti za kampuni utaikuta kwa jina la taarifa ya hali ya kifedha. Inaonyesha hali ya biashara kwa siku moja tu: ina mali gani, inadaiwa nini, na kinachobaki ambacho ni cha mwenyewe. Mali lazima ilingane na madeni ukijumlisha na mtaji. Isipolingana kuna kitu kimeandikwa upande mmoja kikasahauliwa upande wa pili.

Asubuhi ya Januari mosi mfanyabiashara wetu ana fedha 12,000,000. Kuna wateja waliochukua mzigo mali kauli kabla ya sikukuu, wanadaiwa 2,000,000. Stoo ina magunia 40 ya dagaa yaliyomgharimu 150,000 kila moja, yaani 6,000,000. Jumla ya mali ni 20,000,000. Wavuvi wa kisiwa cha Ukerewe wanamdai 3,000,000. Kwa hiyo mtaji wake ni 17,000,000, na sehemu yake imelala kwenye magunia na kwa wateja, haipo yote mfukoni.

Ile 150,000 ya gunia si bei ya kisiwani pekee. Ndani yake kuna nauli ya boti na ujira wa makuli wa kushusha mwaloni, kwa sababu gharama yote ya kuufikisha mzigo stoo ni sehemu ya gharama ya mzigo wenyewe. Ujira wa kumpakilia mteja kwenye lori ni jambo jingine, huo ni gharama ya uendeshaji. Ukizichanganya hizo mbili utajidanganya kuhusu faida ya kila gunia.

Miezi mitatu ya kuuza

Taarifa ya mapato, ambayo wengine huiita taarifa ya faida na hasara, haihusu siku moja. Inahusu kipindi kizima. Katika miezi hii ameuza magunia 300 kwa 200,000 kila moja, jumla 60,000,000. Kati ya hizo, 48,000,000 zililipwa papo hapo na 12,000,000 ni mali kauli.

Zote 60,000,000 zinaandikwa kuwa mapato. Mzigo umeshaondoka na haki ya kudai ipo. Kwamba mteja wa Kahama hajalipa hakubadilishi ukweli kwamba mauzo yamefanyika. Hapa ndipo faida na hela huanza kuachana njia, na kila kitu kinachofuata kinatokana na hapo.

Sasa upande wa mzigo. Amenunua magunia 310, sawa na 46,500,000. Kosa linaloonekana kila siku sokoni ni kuchukua 60,000,000, kutoa 46,500,000 na kusema hiyo ndiyo faida. Magunia aliyonunua siyo magunia aliyouza. Hesabu sahihi ni mzigo wa mwanzo, jumlisha manunuzi, toa mzigo uliobaki.

Na mzigo uliobaki hausomwi kwenye daftari, unahesabiwa stoo. Daftari linasema 40 jumlisha 310 toa 300, yamebaki 50. Kwa kuhesabu yapo 45. Matano yalinyeshewa na mvua za Machi, dagaa wakaoza, wakatupwa bila mtu kuandika. Kwa hiyo uliobaki ni magunia 45, thamani 6,750,000, na gharama ya mzigo uliouzwa ni 6,000,000 + 46,500,000 − 6,750,000 = 45,750,000. Faida ghafi, yaani mauzo toa gharama hiyo, ni 14,250,000.

Iangalie kwa asilimia. Gunia linanunuliwa 150,000 na kuuzwa 200,000, kwa hiyo faida ghafi ilipaswa kuwa asilimia 25 ya mauzo. Taarifa inaonyesha asilimia 23.75. Ile asilimia 1.25 iliyopotea ya mauzo ya 60,000,000 ni 750,000, yaani yale magunia matano. Kwa mwenye stoo, hii ndiyo namba muhimu kuliko zote kwenye taarifa ya mapato. Bei zikiwa hazijabadilika na asilimia hiyo imeshuka, ama mzigo umeharibika, ama umeibwa, ama mauzo hayakuandikwa, ama mtu amepunguza bei bila ruhusa. Haikuambii ni lipi kati ya hayo, lakini inakuambia uanze kutafuta.

Kuhesabu kwa gunia kuna mtego wake. Gunia moja ni la kawaida na jingine ni lumbesa, na dagaa wakavu ni wepesi kuliko waliopigwa na unyevu. Pima kwa kilo, ununue kwa kilo na uandike kwa kilo hata kama mnapatana kwa gunia. Jambo la pili: mzigo unathaminiwa kwa gharama au kwa bei utakayoupata sokoni, ile iliyo ndogo. Kama magunia 10 kati ya 45 yamebadilika rangi na sasa mnunuzi ni mwenye kuku tu, kwa 100,000 gunia, hayo yaandikwe 100,000 na hasara ya 500,000 iingie leo. Ukiyaacha kwa 150,000 unaibeba hasara ya robo hii kwenda robo ijayo, halafu mwezi Juni utashangaa.

Baada ya faida ghafi zinakuja gharama za uendeshaji:

Pango la stoo, miezi 3: 900,000
Mishahara ya vijana wawili: 1,500,000
Makuli wa kupakia: 900,000
Mafuta na matengenezo ya guta: 750,000
Leseni, ushuru, umeme na simu: 600,000
Magunia matupu na maturubai: 600,000
Uchakavu wa guta: 450,000
Riba ya mkopo: 225,000
Jumla: 5,925,000

Toa hiyo kwenye 14,250,000, unapata faida ya 8,325,000.

Mistari miwili hapo ina utata. Pango: mwenye jengo alidai pango la miezi sita mbele, 1,800,000, nayo ikalipwa Januari. Lakini hadi 31 Machi imetumika miezi mitatu tu. Nusu ya pili si gharama bado. Ni mali, kwa kuwa biashara ina haki ya kukaa pale hadi Juni.

Uchakavu: guta lilinunuliwa mwanzoni mwa Januari kwa 9,000,000, na linatarajiwa kufanya kazi miaka 5. Tisa gawa kwa tano ni 1,800,000 kwa mwaka, 450,000 kwa robo mwaka. Kuandika 9,000,000 yote kama gharama ya Januari kungeifanya robo hii ionekane ya hasara na miaka minne inayofuata ionekane guta linabeba bure. Kuuacha uchakavu kabisa ni kosa kubwa zaidi, nalo ndilo la kawaida. Mwenye guta hula faida yote, na siku injini inapokufa analazimika kwenda kukopa.

Matumizi ya nyumbani hayapo kwenye orodha hiyo. Alichukua 1,000,000 kila mwezi na 1,500,000 ya ada ya shule Januari, jumla 4,500,000. Hiyo si gharama ya biashara, ni mwenye mtaji kupunguza mtaji wake. Itaonekana kwenye mizania.

Mtego mwingine, ambao kwenye mfano huu haupo lakini kandokando ya ziwa umejaa: hela unayompa mvuvi mapema kwa ajili ya mafuta na nyavu ili dagaa wake waje kwako. Usiiandike kama gharama siku unayoitoa. Ni mali, unamdai mzigo. Inageuka kuwa gharama pale mzigo wake unapoingia na kuuzwa, au pale inapokuwa dhahiri kwamba hutamwona tena.

Hela ilikwenda wapi

Taarifa ya tatu ni ya mtiririko wa fedha. Hii haijali mauzo wala gharama. Inajali shilingi zilizoingia na zilizotoka. Inaanza na faida, halafu inasahihisha kila mahali ambapo faida na hela ziliachana:

Faida: 8,325,000
Ongeza uchakavu (hakuna hela iliyotoka): 450,000
Toa ongezeko la madeni ya wateja: 7,000,000
Toa ongezeko la mzigo stoo: 750,000
Toa pango lililolipwa mbele: 900,000
Toa punguzo la deni la wavuvi: 1,000,000
Fedha kutokana na biashara yenyewe: hasi 875,000

Soma mstari wa mwisho tena. Miezi mitatu ya kununua na kuuza haikuingiza hata shilingi, imekula 875,000. Mkosaji mkubwa anaonekana: wateja walikuwa wanadaiwa 2,000,000, sasa wanadaiwa 9,000,000. Wavuvi nao, waliokuwa wanadai 3,000,000, sasa wanadai 2,000,000. Yaani anawalipa upesi anaonunua kwao na kuwasubiri anaowauzia, na pengo hilo analiziba kwa hela yake mwenyewe.

Baada ya hapo kuna sehemu mbili fupi. Kwenye uwekezaji, guta limechukua 9,000,000. Kwenye ugharamiaji, mkopo umeingiza 5,000,000, marejesho ya mkopo yametoa 1,500,000, na matumizi ya nyumbani yametoa 4,500,000. Jumla ya vyote, pamoja na ile 875,000, fedha imepungua 10,875,000. Kutoka 12,000,000 inabaki 1,125,000, ile ile ya kwenye droo, benki na simu.

Marejesho ya mkopo hayakuonekana kwenye taarifa ya mapato, ni riba tu iliyoonekana. Kulipa mkopo wenyewe ni kupunguza deni. Na kupokea mkopo si mapato, ingawa wapo wanaouandika kwenye mauzo kwa sababu tu hela iliingia kwa njia ile ile ya lipa namba. Atakayefanya hivyo ataonekana tajiri mbele ya Mamlaka ya Mapato (TRA) bila sababu.

Tarehe 31 Machi

Sasa mizania ya mwisho inajengeka yenyewe. Fedha 1,125,000, wateja 9,000,000, mzigo 6,750,000, pango lililolipwa mbele 900,000, guta baada ya uchakavu 8,550,000. Jumla 26,325,000. Upande wa pili, wavuvi wanadai 2,000,000 na mkopo uliobaki ni 3,500,000. Mtaji ni 17,000,000 ya mwanzo, jumlisha faida 8,325,000, toa matumizi ya nyumbani 4,500,000, sawa na 20,825,000. Madeni na mtaji: 26,325,000. Zimefungana.

Kwa hiyo ametajirika kwa 3,825,000 na wakati huohuo amekauka. Utajiri wake sasa ni guta, magunia, na ahadi za watu.

Ubora wa ahadi hizo ndio unaoamua kama faida ile ni ya kweli. Kuna kipimo cha siku za kukusanya madeni: deni la wateja gawa kwa mauzo, zidisha kwa siku za kipindi. Ukigawa 9,000,000 kwa mauzo yote ya 60,000,000 na kuzidisha kwa siku 90 unapata siku 13 na nusu, unaona mambo si mabaya. Lakini wanaolipa papo hapo hawahusiki. Gawa kwa mali kauli tu, 12,000,000, unapata siku 67 na nusu. Kama mlipatana mwezi mmoja, watu wamepitiliza zaidi ya mara mbili. Daima gawa kwa mauzo ya mkopo peke yake.

Na mteja mmoja wa 2,000,000 akizima simu moja kwa moja? Deni linafutwa, faida inashuka hadi 6,325,000, mtaji unashuka hadi 18,825,000, fedha haiguswi kwa kuwa haikuwahi kuingia. Kila gunia lina faida ghafi ya 50,000, kwa hiyo inabidi auze magunia 40 ya ziada ili arudi alipokuwa. Hesabu hiyo ifanywe kabla ya kukubali mali kauli ya mtu mgeni.

Kipimo kingine ambacho maofisa mikopo hupenda ni uwezo wa kulipa madeni ya muda mfupi. Mali za muda mfupi, 17,775,000, gawa kwa madeni 5,500,000 ambayo yote yanaiva ndani ya mwaka: 3.2. Inapendeza. Ila ukibakiza fedha peke yake, 1,125,000 gawa kwa 5,500,000 ni 0.2. Ndiyo sababu uwiano mmoja hautoshi, na anayekuonyesha ule mzuri tu anakuuzia kitu.

Kwa dagaa kuna jambo la ziada. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikikolea uvuvi hushuka kwa sababu taa hazivuti samaki kama kwenye giza. Mizania ya mwisho wa giza itaonyesha stoo imejaa na wavuvi wanadai. Ya wakati wa mbalamwezi itaonyesha stoo tupu na droo nzito, kwa biashara ile ile. Mwezi wa angani una siku 29 na nusu hivi, haulingani na wa kalenda. Kwa hiyo siku ya kufunga hesabu husogea taratibu, mara iangukie giza, mara mbalamwezi, na kabla ya kulinganisha mizania mbili angalia kila moja ilifungwa wakati gani. Kwa mauzo na faida, linganisha robo kwa robo, au robo hii na robo kama hiyo ya mwaka jana.

Mtu anayetaka kufanya mazoezi kwenye magazeti atakutana na taarifa za robo mwaka za mabenki. Zisome, lakini si za kuanzia: kwa benki, hela ulizoweka wewe ni deni lake, na mikopo iliyotoa ndiyo mali yake, kwa hiyo mizania yake inaonekana imepinduka.

Kodi na mkopo

Mfanyabiashara binafsi ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi milioni 100 anaweza kukadiriwa kodi kwa kuangalia mauzo. Huyu wetu, kwa 60,000,000 kwa robo, anapita hapo, na faida kwenye hesabu zake ndiyo itakayotozwa kodi. Awamu za kodi ya mapato kwa mwaka wa kalenda huangukia mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Kodi hiyo inalipwa kwa hela, na TRA hawapokei magunia wala ahadi za mteja wa Kahama. Vitabu na risiti vitunzwe angalau miaka mitano; ndivyo Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inavyotaka.

Mkopo wa guta uliuzwa kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi. Riba hiyo ni ya moja kwa moja: 75,000 kila mwezi juu ya 5,000,000 ya awali, kwa miezi 10, huku deni lenyewe likipungua 500,000 kila mwezi. Mwezi wa kumi anadaiwa 500,000 na bado analipa riba 75,000, yaani asilimia 15 kwa mwezi huo. Wastani wa deni kwa miezi yote ni 2,750,000, hivyo riba anayolipa hasa ni takribani asilimia 2.7 kwa mwezi. Mikopo ya kausha damu ni mibaya zaidi ya huu, lakini swali la kuuliza ni lile lile kila mahali: riba inahesabiwa juu ya deni la awali au deni lililobaki?

Aprili

Ana 1,125,000. Mwezi wa nne una marejesho ya 500,000, riba 75,000 na mishahara 500,000. Akilipa anabaki na 50,000, theluthi moja ya bei ya gunia moja, na hapo hajagusa chakula cha nyumbani wala deni la wavuvi. Bila hela ya kununulia mzigo wa giza lijalo, ana magunia 45. Kwa kasi ya magunia 300 kwa siku 90 hayo ni ya siku 13 na nusu.

Akienda kukopa tena, taarifa ya mapato itamsaidia kupewa. Taarifa ya mtiririko wa fedha inasema asiende. Aanze na orodha ya wadaiwa, aipange kwa umri wa deni, waliopita siku 60 wapigiwe kwanza na wasipewe mzigo mpya hadi walipe. Nusu tu ya ile 9,000,000 ikirudi ni 4,500,000, magunia 30, bila riba. Mali kauli mpya iwekewe kikomo kwa kila mteja, na mapatano yaandikwe kwa tarehe badala ya "nikiuza nitakutumia". Kwa wavuvi, aombe wiki mbili badala ya kulipa mwaloni siku hiyohiyo. Matumizi ya nyumbani ya Aprili yasubiri hela hizo ziingie.